Kitambaa cha Redio

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Salamabila, mtandao ukikatika kila baada ya maneno matatu, kuniomba nimfumie kitambaa cha redio. Nilimwacha amalize. Mdogo wangu hana redio. Mume wake hana redio. Nyumba yao nzima inasikiliza habari na muziki kwenye simu, na simu haivalishwi kitambaa. Lakini sikumwuliza kitu, maana kuuliza ni kukosa adabu, nikamjibu tu kwamba nitatafuta uzi. Tulipoagana nilibaki nimeshika kichwa. Miaka yote hii, na familia yetu bado haijajifunza kusema jambo likasemeka.

Sindano nilizikuta chini kabisa ya sanduku, zimefungwa ndani ya kipande cha kitenge kilichochujuka. Ni spoku mbili za baiskeli, zimenolewa ncha kwenye jiwe, na nyuma zimezibwa kwa vile vifuniko vya mpira vya chupa za dawa ya sindano ili uzi usiponyoke. Bibi alikuwa akizipaka mawese zisishike kutu. Nilizinusa. Harufu ilikuwa ileile ya mawese ya zamani na chuma, na hasira yangu ya utotoni ikarudi yote, mbichi, mpaka mabegani.

Ninyi mliokua wakati wetu mnaikumbuka redio kubwa ya betri, yenye mkono wa kubebea na antena ya kuvuta. Ya baba ilikaa juu ya meza ya sebuleni, nyumbani kwetu Kabambare, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Baba alikuwa anapeleka sabuni na betri kwenye machimbo ya Salamabila, anakaa huko mwezi, mwezi na nusu, anarudi kwa pikipiki amejaa vumbi au matope kufuatana na majira. Redio nyingine zote za mtaa zilikuwa na kitambaa cha kufumwa juu yake. Ya kwetu ilikaa uchi. Kwa hiyo Bibi alipofika kutoka Kasongo na kutangaza kwamba mimi, Riziki, nitafuma kitambaa cha redio, niliamini, na nadhani yeyote mwenye miaka tisa angeamini.

Mimi nilifichwa, na kwa kuwa sipendi kumficha mtu, nawaambia mapema: kitambaa kile hakikuwa cha redio. Kilikuwa shali ya mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama. Kwetu nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa haitajwi kwa jina lake, haioneshwi, haianikwi nje. Unafuma kitambaa cha meza, unashona foronya, na kila mtu mzima anajua, na kila mtu mzima ananyamaza. Mama alikuwa ameshazika watoto wawili baada yangu, wote kabla ya kutimiza mwezi. Wote wawili Bibi aliwafumia shali nyeupe za matundu, nzuri sana, nzuri mpaka alishindwa kujizuia akawaonesha majirani kabla ya wakati. Wote wawili walizikwa ndani ya shali hizo.

Baada ya yule wa pili Bibi aliapa kwamba mikono yake haitagusa tena uzi wala sindano kwa ajili ya mtoto wa mama. Lakini shali ilihitajika, kwa sababu mtoto akipokelewa kwa kitambaa cha kuazima ni kama umemwambia hukumtazamia. Ikatafutwa mikono ambayo haikuwa imemfumia mtoto yeyote. Nyumbani mwetu mikono hiyo ilikuwa yangu, na mikono yangu ilikuwa haijawahi kushona hata kifungo. Haya yote nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa amekuja siku mbili nyuma ya pikipiki, na kiuno kikimuuma, ili kunitesa.

Uzi wenyewe ulitoka kwenye sweta. Bibi alilinunua sokoni Kasongo kwenye balo la mitumba, sweta jeupe la mwanamume, kubwa, la nchi ya baridi ambayo siijui. Nililifumua mimi. Nikazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti mimi. Nikaufua kwa sabuni ya mawese mimi, ukanuka mbuzi aliyenyeshewa, kisha nikautundika na jiwe chini ili unyooke, maana ulikuwa umejikunjakunja wote. Bibi alikaa barazani, mikono yake ndani ya kitenge, akitoa amri.

"Vuta polepole. Ukikata, utafunga fundo, na fundo itamukwaruza."

"Itamkwaruza nani?"

Akaangalia uani. "Redio," akasema.

Nilimtazama vizuri. Nilianza kufikiri kwamba uzee umemfikia kichwani.

Kisha yakaja mafunzo. Jamani. Kama umewahi kufundishwa kufuma na mtu anayekataa kugusa sindano, nipe mkono, sisi ni ndugu. Kila mtu mwingine duniani anafundishwa kwa kushikwa vidole: hivi, zungusha hivi, vuta. Mimi nilifundishwa kwa mdomo na kwa njiti ya fagio. Bibi alishika njiti moja iliyochomolewa kwenye fagio, ndefu kama mkono wangu, na kwa njiti hiyo alionesha kwa mbali.

"Ingiza sindano mu jicho ya kwanza."

"Jicho gani?"

"Ya kwanza, mama. Kwani ya kwanza ziko ngapi?"

"Bibi, shika unionyeshe."

"Si niko nakuonyesha?"

"Unanionyesha na mudomo!"

"Basi fungua masikio. Ingiza."

Kuanzisha mstari wa kwanza peke yake kulinichukua siku tatu. Macho, yaani vitanzi vya uzi, sitini na moja kwenye spoku. Asubuhi ya kwanza yote yalimwagika nilipopiga chafya. Ya pili nilikuwa nimekaza uzi mpaka sindano ya pili ikakataa kupita, nikalazimisha, ikanitoboa kidole. Ya tatu nilifika sitini na moja nikapiga yowe la ushindi, na Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, aliinama, akahesabu kwa Kizimba, lugha ya kwao, kwa haraka ili nisiweze kumdanganya, akaniambia ni sitini na tatu.

"Fumua."

Neno lile. Nililisikia mwezi mzima. Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi.

Halafu yale matundu. Nilipokwisha kujua kufuma kawaida, kitambaa kikaanza kutoka kizuri, kimefungana, nikajivuna, Bibi akasema sasa tutaanza kazi yenyewe. Kazi yenyewe ilikuwa kutoboa. Unazungusha uzi mara moja kwenye sindano bila kufuma kitu, hilo linakuwa tundu. Kisha unafuma macho mawili pamoja, ili hesabu irudi sawa. Ukisahau kuzungusha, unapungukiwa. Ukisahau kuunganisha, unazidi. Mstari mmoja wa hivyo, mmoja wa kawaida, na matundu yanapangika kwa mshazari kama wavu. Niliuliza kama tunataka matundu kwa nini tulisumbuka na sweta, si tungelipeleka tu kwa panya. Mama, aliyekuwa amelala kwenye mkeka ndani, alicheka. Bibi hakucheka.

Na haraka! Hapo ndipo nilipokuwa nachanganyikiwa. Kitambaa kiwe kimekwisha kabla ya mavuno ya mpunga kumalizika. Wenzangu walikuwa mashambani wanafukuza ndege, wanapiga makopo, wanarudi jioni wameungua jua na wana habari za kusimulia. Mimi nilikuwa barazani, uzi unanata kwa jasho, nahesabu. Nilimwuliza mama redio ina haraka gani, imekaa uchi tangu nizaliwe. Mama aligeuza uso ukutani, akasema, "Fanya tu vile bibi anasema." Alikuwa mnene, amechoka, anatembea ameshika kiuno. Tumbo nililiona, sikuwa kipofu. Lakini tumbo la mama haliulizwi, na mimi kati ya tumbo lile na kitambaa kile sikuona uhusiano wowote. Nilichoona ni kwamba kila nikikaa kufuma mama ananitazama kwa jicho la woga, na kila nikiacha ananitazama kwa woga zaidi. Niliamua kwamba anamwogopa baba.

Siku moja nilifika mstari wa ishirini na kitu. Nilikuwa nimefuma tangu chai, sijainuka, na kitambaa kilikuwa kimeanza kushuka mapajani mwangu. Bibi akasogeza njiti ya fagio, akaigusisha mistari mitano chini.

"Hapa umeruka. Ona. Tundu moja imekosa."

"Moja tu."

"Fumua mpaka pale."

Nilisimama. Nilitupa kila kitu juu ya mkeka wake, sindano, kitambaa na uzi, nikapiga kelele ambazo hadi leo jirani yetu wa enzi zile ananikumbusha tukikutana.

"Fuma weye! Weye unajua, si ufume! Umekaa na mikono kama hauna! Shika basi, shika, shika!"

Na nikaokota kitambaa, nikamsukumia mapajani. Bibi aliruka. Mwanamke wa umri ule, mwenye kiuno kile, aliruka kutoka kwenye mkeka kama nimemwekea kaa la moto, mikono yake ameificha nyuma ya mgongo. Mama alitoka ndani mbio, akiwa ameshikilia ukuta.

"Riziki! Usimupe bibi yako ile kitu! Mikono yake haifae! Unasikia? Asiishike kamwe!"

Sikuwahi kumsikia mama akilia kwa sauti ile.  Bibi aliingiza mikono ndani ya kitenge, akaketi upya mbali kidogo.

Mtoto akinyimwa maelezo anajipikia ya kwake. Mimi nilijipikia haya: mikono ya Bibi ina ugonjwa. Ugonjwa wa kuambukiza, ndiyo maana anaificha, ndiyo maana mama amelia. Kila kitu kikaniingia akilini mara moja, na nikahisi nafuu, kwa sababu hatimaye kulikuwa na jambo linaloeleweka. Kuanzia mlo wa jioni ile nilikataa kula sahani moja na Bibi. Nilikuwa nimezoea kukaa karibu naye, ananimegea tonge la ugali, anachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo na samaki, ananipa. Nilisema nina sahani yangu. Maji ya kunawa niliyachota mengine. Alipotaka kunisuka nikasema kichwa kinauma.

Bibi alielewa kitu fulani. Sijui alielewa nini. Hakunikaripia. Akaanza kula peke yake pembeni mwa jiko, mgongo akinielekezea, na mimi nikafurahi kwamba samaki wameongezeka kwenye sahani yangu. Naona aibu kuliandika hili. Wakati wa kufundisha aliendelea vilevile, njiti ya fagio tu, ila sasa alikaa umbali wa hatua tatu, na kwa umbali ule na ukungu ule wa macho sidhani kama aliona zaidi ya weupe.

Ndiyo maana hakuona nilichokuwa nafanya. Mimi nilikuwa nimeipima redio. Nilichukua kamba, nikapima juu yake, nikaongeza kidogo ya kuning'inia pembeni, nikafunga fundo. Upana ulikuwa umeshapangwa na yale macho sitini na moja, lakini urefu nilisema moyoni ni wangu. Bibi alikuwa ameniambia nifume mpaka atakaposema basi. Kwa nini nifume mpaka atakaposema basi? Redio ninaiona. Tena kulikuwa na jambo ambalo yeye na ujuzi wake wote hakulifikiria, nalo ni antena. Ukifunika redio kwa kitambaa, antena inainua kitambaa kizima kama hema. Basi mchana mmoja, Bibi amesinzia, nilifunga macho sita karibu na ukingo, na mstari uliofuata nikayaanzisha upya juu ya pengo. Likatoka tundu moja kubwa kati ya matundu madogo, la kupitisha antena. Nililibuni mwenyewe, hakuna aliyenielekeza kwa mdomo wala kwa njiti. Kamba ilipotimia nikamaliza, nikakata uzi, nikakivalisha. Kilikaa vizuri ajabu.

Asubuhi ya pili yake mama aliamka na uchungu.

Mpunga ulikuwa bado haujaisha mashambani, na baba alikuwa bado hajarudi. Mama alishikwa mkono na jirani mmoja wakaanza kutembea polepole kuelekea hospitali ya uzazi, na Bibi akaingia sebuleni, kitenge amekaza kiunoni.

"Riziki, lete ile kitu. Hata kama haiishe, lete."

"Imeisha," nikasema, na nikanyoosha kidole kwa fahari.

Bibi alisogea. Alisogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa. Kitambaa cheupe kilikuwa juu ya redio, kimenyooka, na antena imesimama katikati ya tundu lake, imevutwa yote.

"Hii nini?"

"Si kitambaa cha redio?"

"Na hii tundu kubwa?"

"Ya antene."

Bibi alikaa chini sakafuni.  Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kile ambacho mwezi mzima mtu angeweza kuniambia kwa sentensi moja.

"Si ya redio, mama. Ni ya mutoto. Mutoto anakuja leo."

Sijui niliwezaje kutomrukia. "Juu ya nini haukusema?"

"Ile hatusemaka."

"Lakini mie ndiye nafuma!"

"Hatusemaka," akarudia, na machozi yakaanza kumtoka, nami nikazidi kuchukia, kwa sababu nilitaka kulia mimi kwanza.

Kitambaa kiliitosha redio. Mtoto kisingemfunika hata miguu. Bibi aliniambia nivute ule mstari wa kufungia, niokote macho upya na niendelee, uzi wa mikono ya sweta ulikuwa bado upo. Nikauliza na tundu la antena, maana kulitoa kulihitaji kufumua karibu robo nzima. Nilisubiri lile neno. Bibi alitazama njia aliyokwenda mama.

"Iache."

Kwa hiyo nilifuma shali yangu ya kwanza kwenye uwanja wa hospitali ya uzazi ya Kabambare, nimeegemea ukuta, jua likinifuata, wanawake wanaosubiri ndugu zao wakinitazama na kugeuza macho kwa adabu kama hawaoni ninachofuma. Bibi alikaa kando yangu. Kutoka ndani tulimsikia mama, kisha hatukumsikia, kisha tukamsikia tena. Nilizungusha, nikaunganisha, nikazungusha. Vidole vilikuwa vinajikunja vyenyewe. Mahali fulani jua likiwa utosini nilihesabu nikapata hamsini na tisa. Nilijua nimekosa matundu mawili, na sikujua wapi.

"Bibi, nimeruka."

"Endelea."

"Nimeruka mbili. Ziko hamsini na tisa."

"Endelea, mama. Usisimame."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mwezi mzima nilikuwa nimemwomba Mungu Bibi asahau neno la kufumua, na sasa alikuwa amelisahau. Nikamwuliza anaogopa nini. Na pale ukutani, bila kunitazama, Bibi akanieleza habari za wale wawili: shali alizowafumia, jinsi alivyojisifu, jinsi alivyowafunga nazo mara ya mwisho kwa mikono yake mwenyewe. Akasema ndiyo maana mikono hii aliitoa kwenye kazi ya mtoto huyu. Alisema "mikono hii" na hata hapo hakuitoa kwenye kitenge.

Niliendelea kufuma kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Nilikumbuka sahani yangu ya pekee. Nilikumbuka maji yangu ya kunawa. Nilitaka kumwambia samahani, lakini nilikuwa na macho hamsini na tisa ya kuhesabu, na pia nilikuwa na hasira naye bado, kwa sababu hata hilo angeweza kunieleza mapema nikala naye.

Mchana ulipoanza kulegea, muuguzi alitoka mlangoni akaita watu wa Mama Riziki walete kitu cha mtoto. Shali haikuwa imefungwa mwisho. Nilifunga nusu, nusu iliyobaki nikapitisha uzi ndani ya macho yote na kuvuta, fundo moja, basi. Muuguzi akaichukua na mkia wa uzi ukining'inia. Alirudi baadaye na kifurushi cheupe.

"Bibi, pokea mujukuu yako. Mama yake iko muzima, anapumuzika."

Bibi alirudi nyuma hatua moja. "Mupe Riziki."

Muuguzi aliniangalia jinsi nilivyo, mfupi, mchafu, macho mekundu, akanifundisha kushika kichwa, akaniachia. Nilikaa na mtoto ukutani. Alikuwa msichana, mwekundu, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa vibaya. Kwa muda nilisahau kila kitu. Kisha mikono ikaanza kuuma. Ilikuwa imefuma tangu asubuhi, tangu mwezi mzima kwa kweli, na mtoto mchanga si mzito mpaka umshike nusu saa bila kujisogeza.

"Bibi, mushike."

"Siwezi."

"Nimechoka."

"Vumilia kidogo. Mama yako ataamuka."

Na hapo ndipo subira yangu ilipokatika kabisa. Sikufikiria shali za zamani, wala makaburi, wala kiapo. Ningependa kusema nilimwonea huruma Bibi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoshwa.

"Kila siku ni mie! Kufumua ni mie, kufuma ni mie, kuhesabu ni mie, sasa kubeba pia ni mie! Mikono yangu imeisha! Shika mutoto yako!"

Nikamweka mapajani pake, nikaachia.

Mtoto akiwekwa mapajani na akaachiwa, mikono haiombi ruhusa. Ya Bibi ilitoka ndani ya kitenge yenyewe, yote miwili, ikamkamata. Akabaki hivyo, ameganda, hapumui, anasubiri. Mtoto alijinyoosha, akakoroma, akasukuma ngumi yake moja mpaka ikatokea nje ya shali, kupitia tundu la antena. Ngumi ile ndogo ikasimama hewani. Bibi aliitazama. Akaishika kwa vidole viwili.

Nilikaa karibu naye, karibu kabisa, bega kwa bega. Baada ya muda vidole vyake vikaanza kutembea juu ya shali, taratibu, mstari kwa mstari, kama vinavyosoma. Vilifika mahali vikasimama.

"Hapa ndipo uliruka," alisema. "Mbili."

"Nifumue?"

"Hapana."

Baba alirudi kutoka Salamabila siku nne baadaye, akakuta mtoto ana shali na redio iko uchi, na hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini kila mtu anacheka. Kabla ya hapo, jioni ileile ya kuzaliwa, nilinawa kwenye beseni moja na Bibi nikala tonge kutoka mkononi mwake, na samahani nikaisema mdomo ukiwa umejaa. Mdogo wangu alibatizwa Faida, lakini nyumbani tulimwita Antene, na mpaka alipoanza kutembea alilala na mkono mmoja nje ya tundu lile. Bibi hayupo tena. Kabla hajaondoka alinipa spoku zake, na toka hapo nimefuma shali nyingi, nzuri, zenye hesabu kamili.

Leo asubuhi nimempigia Faida, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa. Mtandao ulikuwa afadhali.

"Uzi nimepata," nikamwambia. "Sasa niambie, redio yako iko na ukubwa gani?"

 Nilisikia anasogea mbali na watu.

"Kubwa, Yaya," akasema. "Inapiga teke."

Nikamwambia akome, mambo hayo hatusemi. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Yaya? Ile tundu ya antene, usisahau."